Tangazo Lililobaki Hewani

Jina la Brenda lilijitokeza kwenye simu ya mtuhumiwa kabla chai ya Sajenti Desderius haijapoa, na baada ya hapo chai ile hakuigusa tena.

Ilikuwa Jumatano asubuhi, ofisini Bomani, mjini Tarime. Alikuwa akipitia mauzo ya Faridu, muuza makava ya simu na chaja ambaye pembeni aliuza pia dola za mtandaoni, zile ziitwazo USDT. Soko lake halina jengo. Muuzaji anaweka tangazo kwenye simu: bei yangu hii, kiasi cha chini hiki, nilipe kwa njia hii. Mnunuzi akikubali, bei ya oda ile inafungwa. Anatuma shilingi, na muuzaji akiziona anaachia dola. Wenyewe huliita P2P, mtu kwa mtu. Oda ikifunguliwa tu, kila mmoja analiona jina kamili la mwenzake.

Jumanne mchana wateja walikuwa wamelizingira duka la Faridu wakiwa na mawe. Kila mmoja alikuwa na kisa kile kile: unanunua mara ya kwanza kwa bei nzuri, unarudi muda si mrefu kuongeza kidogo, unakuta bei imepaa. Mokami, mwenye saluni mtaa wa nyuma, alipiga kelele kuliko wote. Alisema Faridu ana mtambo wa kunusa mtu mwenye shida. Polisi wakamchukua Faridu, nusu kwa tuhuma za udanganyifu, nusu kumwokoa na mawe.

Sasa Desderius alikuwa anateremsha orodha ya oda kwa kidole, akaona Brenda Magige. Akateremsha, akamwona tena. Wiki iliyopita yumo, na wiki ya kabla yake yumo.

Brenda alikuwa nesi wa zahanati huko Kenyamonta, wilaya ya Serengeti, na alikuwa mchumba wake. Jumamosi ile ile baba wadogo wa Desderius walikuwa wafike kutoka Muleba, waende naye Nyarero kwa mzee Magige, baba yake Brenda, kuzungumza habari za ng'ombe wa mahari. Suti ilikuwa kwa fundi. Na hapa jina la mchumba limekaa kwenye simu ya mwanaume mwingine, wala yeye hajawahi kudokezwa.

Lililomchoma zaidi ni kwamba Brenda naye alipandishiwa bei, na bado alirudi. Mokami alipiga kelele, wengine walihama, Brenda alirudi. Mwanamke anayekubali kulanguliwa na mtu mmoja wakati soko lina wauzaji tele, Desderius alijiambia, huyo hafuati dola. Wivu ukampanda mpaka masikio yakawa ya moto. Akaagiza Faridu aletwe.

Faridu alikuwa mwembamba, mpole, na shati limejikunja kwa kulaliwa. Baba yake alikuja Tarime kutoka Pangani kuuza vitenge, na mwana akarithi ulimi laini wa biashara.

"Jumatatu uliuza kwa elfu mbili mia sita na kumi," Desderius alianza. "Kabla hata saa haijaisha, mteja yule yule akauziwa elfu mbili mia sita na tisini. Nieleze."

"Afande, mimi mwenyewe sielewi."

"Soko la dunia limepanda?"

"Sarafu nyingine zinaruka hivyo. Hii inashikamana na dola. Haiwezi kuruka shilingi themanini kwa saa moja, ningekudanganya."

"Mnada, je?"

"Mnada unagusa, ndiyo. Wanunuzi wa ng'ombe wakitoka upande wa Sirari, mpakani, wanataka shilingi taslimu, wanamwaga dola zao, bei inashuka. Ng'ombe wakishapakiwa inapanda. Lakini Jumatatu hakukuwa na mnada."

"Au dola za tangazo zilikuwa zimeisha."

"Zikiisha, mteja anaangukia kwa muuzaji mwingine mwenye bei yake. Hapo nakubali, wengi hawaangalii jina, wanadhani ni mtu yule yule. Ila hizi oda zote ni zangu."

Desderius akainua macho. Alikuwa amezoea watuhumiwa wanaokimbilia kila mlango wanaofunguliwa. Huyu alikuwa anaifunga milango yote mwenyewe, na badala ya kumpendeza jambo hilo lilimuudhi.

"Bei yako inafuata soko yenyewe?"

"Hapana. Naandika kwa mkono asubuhi, naangalia tena jioni."

"Basi aliyeipandisha katikati ni wewe."

"Sikuipandisha."

"Nani mwingine ana namba yako ya siri?"

"Hakuna. Hii simu inalala chini ya mto wangu."

"Brenda Magige ni nani kwako?"

Faridu akashangaa. "Mteja."

"Mbona ananunua kwako tu?"

"Muulize yeye, afande. Mimi nauza, siulizi watu mioyo yao."

Lilikuwa jibu la kawaida, lakini neno *mioyo* lilimwingia Desderius kama mwiba wa mgunga. Aliifunga simu ndani ya bahasha ya vielelezo, akaigonga mhuri, akaifungia kabatini. Kisha akaamuru Faridu arudishwe mahabusu.

Hapo ndipo alipokosea, tena akijua. Kuuza ghali si kosa la jinai. Mnunuzi ameiona bei, ameikubali, amepewa dola zake. Bila ushahidi wa hila, Faridu alistahili dhamana siku ile ile. Desderius aliyajua hayo kama anavyojua namba yake ya askari. Ila alipomfikiria Faridu akitoka, akishika simu, akimwandikia Brenda "nimetoka, mama", mkono ulikataa kusaini.

Mke wa Faridu alikuwa anasubiri kaunta na chupa ya chai na maandazi. Aliitwa Ummy, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtandio wa buluu, macho makavu.

"Afande, nimekuja kumwekea mume wangu dhamana."

"Kesho. Uchunguzi unaendelea."

"Duka linakufa. Mimi ndiye niko pale peke yangu, nawawekea watu nyimbo kwenye flashi ili tupate hela ya unga."

"Nimesema kesho, mama."

Ummy aliisukuma chupa kwa askari wa kaunta. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na huyo nesi wa Kenyamonta, mmemhoji?"

Mpelelezi mwingine yeyote angelinasa swali lile hewani, kwa sababu hakuna mtu kituoni aliyekuwa amemtajia Ummy habari za nesi. Desderius alisikia kitu kimoja tu: kumbe hata mke anashuku. Akamwangalia Ummy kwa huruma, huruma ya mgonjwa kwa mgonjwa mwenzake wa wodi moja.

"Nitamhoji mwenyewe," alisema.

Alhamisi asubuhi alichukua pikipiki ya ofisi, akauvuka mto Mara, akafika Kenyamonta vumbi limemjaa mpaka kope. Kwenye baraza la zahanati kina mama walikuwa kwenye foleni ya mizani, watoto wakilia kwa zamu. Brenda alitoka na glavu mkononi, akamwona, akatabasamu. Kisha akaona uso wake, tabasamu likakatika.

"Kuna msiba?"

"Nimekuja kikazi. Tuingie ndani."

Wakaingia chumba cha dawa. Brenda akaegemea friji ya chanjo.

"Faridu wa Bomani unamjua?"

"Anayeuza USDT? Namjua. Nanunua kwake."

"Kwa nini kwake?"

"Kwa sababu anauza."

"Wanaouza ni wengi, Brenda! Na wewe anakupandishia bei kila ukirudi, na bado unarudi. Mtu mwenye akili zake anafanya hivyo kwa sababu gani? Sema!"

Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango akamtuliza mtoto wake ili asikie vizuri. Brenda akaufunga mlango kwa kisigino.

"Punguza sauti. Njoo uangalie." Akatoa simu, akafungua soko. "Huyu anaanzia laki tano. Huyu laki tatu. Huyu milioni. Hawa wa bei nzuri wote wanataka matajiri. Faridu peke yake anaanzia elfu ishirini. Mimi nina mshahara wa nesi, Desderius. Napata elfu thelathini nanunua, nikipata nyingine mchana nanunua. Ningekuwa na laki tano ningemkimbia zamani, yule na bei yake ya kupandapanda."

Desderius alisoma zile namba. Ziliandikwa wazi kabisa, chini ya kila tangazo, na hata kwenye simu ya Faridu alizipita bila kuzisoma kwa sababu macho yalikuwa yanatafuta jina. Lakini wivu ni kama kupe, ukimng'oa mwili kichwa kinabaki.

"Na kwa nini mimi sijui kwamba unanunua?"

"Mwezi wa pili ulinitaka namba ya siri ya simu, nikakupa. Ukawa unasoma meseji zangu za pesa. Ukaniuliza kwa nini nimemtumia mama elfu kumi na tano, ukaniuliza huyo Joram ni nani, nikakwambia ni fundi bomba, ukampigia. Nataka kununua kiwanja Mugumu kwa jina langu. Basi nikaiweka akiba mahali ambapo hukagui."

"Simu yako yote nakagua," Desderius alisema, na hapo hapo akajisikia akiyasema.

"Meseji za malipo nafuta, na soko nimelificha kwenye folda ya hedhi. Hiyo huwa hufungui."

Desderius akarudi kwenye kazi, maana kazi ndiyo ilikuwa mlango wa karibu wa kutokea. "Mara ya mwisho umenunua lini?"

"Jana jioni."

"Kwa nani?"

"Kwa Faridu."

"Haiwezekani. Faridu yuko ndani tangu Jumanne."

"Tangazo lake liko hewani. Hili hapa."

Lilikuwa hewani kweli. Faridu, elfu mbili mia sita na kumi, kuanzia elfu ishirini. Desderius akalitazama kama mtu anayeona kanzu ya marehemu inatembea.

"Nunua," alisema. "Kiasi cha chini. Sasa hivi."

Brenda akafungua oda, akatuma elfu ishirini. Haikuchukua muda, dola zikaachiwa. Mtu fulani ameiona pesa ikiingia na amebonyeza kitufe, na simu ya Faridu iko ndani ya bahasha yenye mhuri, ndani ya kabati, na ufunguo wa kabati uko mfukoni mwa Desderius. Akaupapasa kupitia kitambaa cha suruali. Ulikuwepo.

"Subiri kidogo. Halafu fungua upya."

Nje waliita jina la mtoto kwenye mizani. Brenda akafungua upya, akamgeuzia kioo. Elfu mbili mia sita na tisini.

"Angalia wale wengine," Desderius alisema haraka. "Wamepanda?"

"Hawajapanda. Yeye tu."

Basi soko halikupanda, na mnada haukuhusika. Dola za tangazo zilikuwa zimebaki tele, na mwenye tangazo alikuwa amekaa sakafuni Tarime bila hata mkanda wa suruali. Kulikuwa na mtu mwingine ndani ya akaunti ile, mtu aliyeliona jina la Brenda oda ilipofunguliwa, akamwachia dola zake kwa uaminifu, kisha akainua bei ili asirudi. Desderius akawakumbuka walalamikaji waliobeba mawe: Mokami, mwalimu mmoja wa shule ya msingi, muuza mitumba, mama lishe wa stendi. Faridu alikuwa na wateja wanaume kibao. Hakuna mwanaume hata mmoja aliyelalamika.

Likamrudia na lile swali la kaunta. *Na huyo nesi wa Kenyamonta, mmemhoji?*

"Mjinga mimi," alisema kwa sauti.

"Kuhusu nini?" Brenda aliuliza.

Desderius alikuwa ameshavaa kofia ya pikipiki.

Dukani Bomani, Ummy alikuwa nyuma ya kaunta na kompyuta ile ile aliyokuwa nayo Jumanne, muziki ukipigwa kwa sauti ya chini. Siku ya kumkamata Faridu, Desderius aliiona kompyuta ile kwa macho yake. Aliipita kwa sababu ilikuwa inaweka nyimbo kwenye flashi ya mteja, na nani atachukua kompyuta ya nyimbo kuwa kielelezo? Kando yake kulikuwa na kitochi, simu ndogo ya vibonyezo, ile ya kupokelea meseji za malipo ya duka.

"Geuza kioo, mama."

Ummy hakugeuza. Desderius akazunguka kaunta, akageuza mwenyewe. Kwenye kona, nyuma ya orodha ya nyimbo, akaunti ya Faridu ilikuwa wazi.

"Simu yake ilipasuka kioo mwaka jana," Ummy alisema taratibu. "Akafungulia hapa. Hakufunga tena. Amesahau."

"Na wewe hukusahau."

"Mimi nakaa hapa kutwa. Kila oda ikija inalia, na jina linatokea. Sophia. Jesca. Mokami. Wanawake, wanawake. Wewe ungekaa?"

"Wakinunua mara moja unawaachia. Kisha unapandisha, wakirudi waikute juu."

"Mara moja ni biashara. Kurudi ni nini? Nikawapandishia waende kwingine. Jioni kabla hajaangalia nairudisha bei yake. Wengi walihama. Huyo nesi hakuhama! Alikuja hapa siku moja na sare yake, wakacheka na mume wangu, sijui walicheka nini. Kila nikipandisha, anarudi. Nikasema, huyu analipia kitu kingine."

Desderius aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, na hayakumpendeza.

"Anarudi kwa sababu mumeo anaanzia elfu ishirini," alisema. "Wengine wanaanzia laki tatu. Hana pesa ya kwenda kwingine."

Ummy akafumba macho. "Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Na wewe leo, mume yuko mahabusu, umepandisha tena."

"Nililiona jina lake, afande. Nikasema hata mwenzake yuko ndani bado anamtafuta! Mkono ukaenda wenyewe." Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Niliogopa kusema. Walipokuja na mawe ningesema nini? Nifunge mimi. Mwachie yeye."

"Hakuna wa kufungwa. Kupandisha bei si kosa. Utawarudishia Mokami na wenzake kile kilichozidi, wao wafute malalamiko."

Ummy akamwangalia kwa muda. Hakuwa mjinga. "Si kosa?"

"Si kosa."

"Ulilijua hilo jana?"

Wimbo uliisha, mwingine haukuanza.

"Jana nilipomtaja huyo nesi, uso wako ulibadilika," Ummy alisema. "Leo umemtetea kama wakili. Ni wa kwako, sivyo? Afande, nyani haoni kundule. Wivu wangu mimi umewala watu shilingi themanini themanini. Wako umemlaza mume wangu sakafuni usiku wa pili."

Desderius alitaka kumkumbusha anaongea na nani. Badala yake alisema, "Chukua mtandio wako, twende ukamchukue."

Kaunta ya kituo, Faridu alisaini, akapewa mkanda wake na simu yake. Desderius alimweleza kila kitu, kwa ufupi, mbele ya Ummy aliyekuwa anatazama sakafu. Faridu alisikiliza mpaka mwisho. Alimgeukia mke wake, na askari wa kaunta akaacha kuandika, akisubiri kofi.

"Mokami?" Faridu alisema. "Ummy, hata Mokami? Yule ananidai deni mwaka wa tatu sasa, namkwepa!"

Ummy akaangua kilio, kilio ambacho katikati yake kilikuwa na kicheko. Faridu akafungua simu, akabadilisha namba ya siri pale pale, mke akiona kila tarakimu. Wakatoka pamoja wakibishana kuhusu nani atakwenda kumwomba Mokami radhi.

Desderius alisimama nyuma ya kituo, chini ya tangi la maji, akampigia Brenda.

"Nimempata," alisema. "Ni mke wake. Alikuwa anaona wivu."

"Na Faridu umemwachia?"

"Sasa hivi. Brenda, nisamehe kwa yale ya asubuhi. Nilikuwa—"

"Alitakiwa kutoka lini?"

Angeweza kudanganya. Kwa kazi yake alijua kudanganya vizuri kuliko wengi. "Jana."

"Kwa nini hakutoka jana?"

"Niliona jina lako kwenye simu yake."

Ndani ya simu Desderius alisikia mtoto akilia mbali, kwenye mizani.

"Mimi nilidhani ni simu yangu tu," Brenda alisema hatimaye. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. "Nikasema nikishaolewa atatulia. Lakini wewe una ufunguo wa mahabusu, Desderius. Umemfungia mtu asiye na kosa kwa sababu ya jina langu. Siku utakayoniona nacheka na mtu sokoni Mugumu, atalala ndani nani? Yeye au mimi?"

"Haitatokea tena. Naapa."

"Waambie baba zako wadogo wasipande basi kesho. Baba yangu nitaongea naye mwenyewe."

"Brenda, nisikilize."

"Namba ya siri nimebadilisha. Kina mama wananisubiri." Simu ikakatika.

Alisimama pale mpaka askari wa kaunta akatoka kumtafuta, akamwona, akarudi ndani bila kumwita. Kisha akatafuta namba ya Muleba. Baba mdogo alipokea akicheka, nyuma yake nyumba nzima ikivuma kwa maandalizi.

"Mwanangu! Tumeshakata tiketi. Senene wa wakwe tumekaanga ndoo nzima, na mama yako mdogo amefuma mkeka. Huyo mzee wa Nyarero anakula senene?"

"Shikamoo, baba mdogo," Desderius alisema. Akamwacha amalize kuzitaja zawadi zote, moja baada ya nyingine, kisha akamwambia.